Sosholojia ya kazi ukiwa Dodoma: kutoka TA hadi Mhadhiri Mwandamizi

Mtafiti wa sosholojia ya kazi aliyepo Dodoma amekaa juu ya kitu ambacho wenzake wa vyuo vingine wanakilipia nauli na malazi. Mji wa Serikali Mtumba una majengo na vibarua wake. Zabibu ziko Hombolo, Mpunguzi na Makutupora. Wabeba magunia wa soko la mahindi Kibaigwa wako kwenye barabara ya Morogoro, unakwenda na kurudi siku hiyohiyo. Bunge liko mjini, na Ofisi ya Taifa ya Takwimu, TAMISEMI na Sekretarieti ya Ajira zina makao hapahapa. Kwa hiyo chagua mahali pamoja pa kazi, pa karibu, upachimbe kwa miaka kumi, na kila cheo unachokitafuta kitokane na hapo. Anayeandika leo juu ya bodaboda, kesho juu ya walimu na mtondo juu ya wavuvi, kila makala anaianza na sifuri. Kila mara anaomba kibali upya na kusoma maandiko ambayo hatayagusa tena.

Kuingia

Ngazi za vyuo vikuu vya umma ni Mkufunzi Msaidizi (wengi humwita TA), Mhadhiri Msaidizi, Mhadhiri, Mhadhiri Mwandamizi, Profesa Mshiriki, kisha Profesa. Matangazo ya kazi huwa yanataka GPA isiyopungua 3.8 kati ya 5 katika shahada ya kwanza kwa TA. Kwa Mhadhiri Msaidizi, 3.8 hiyo inabaki na juu yake unahitaji 4.0 ya uzamili. Ukiwa na 3.7 hakuna wa kumbembeleza, maana mchujo wa kwanza hauangalii kipaji. Mwanafunzi anayeitaka njia hii afanye hesabu akiwa mwaka wa pili, wakati bado kuna masomo ya kutosha kuinua wastani. Mwaka wa tatu mhula wa mwisho hata A tupu husogeza kidogo sana.

Maombi hupitia Ajira Portal, mfumo wa mtandaoni wa Sekretarieti ya Ajira. Kinachowaangusha watu pale mara nyingi ni karatasi. Barua haijasainiwa, nakala za vyeti hazijathibitishwa na wakili, au mtu ameweka matokeo ya muda badala ya cheti. Jina nalo linasumbua: cheti cha kidato cha nne kina majina mawili, cha chuo kina matatu, na cha kuzaliwa kina tahajia nyingine kabisa. Hilo lirekebishe kwa hati ya kiapo au ya kubadili jina kabla tangazo halijatoka, kwa sababu dirisha la maombi huwa la wiki mbili hivi. Aliyesoma nje ya nchi aombe TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania) itambue tuzo yake mara tu anaporudi, asisubiri tangazo.

Usaili una mtihani wa kuandika kisha wa ana kwa ana, na nafasi za kufundisha mara nyingi huongezewa kipande cha kuonyesha ufundishaji. Hapo watahiniwa wengi wa fani yetu huanza kutaja wanafikra wa Ulaya mmoja baada ya mwingine. Jopo limeshawasikia wote. Chukua dhana moja, kwa mfano udhibiti wa kazi, uifafanue kwa mnyapara na genge la zege: nani anaamua kasi ya kuchanganya, nani anahesabu mifuko ya saruji, na kibarua anawezaje kuipunguza kasi hiyo bila kufukuzwa. Dakika kumi zinatosha.

TA ni cheo cha kupitia, si cha kukaa. Omba nafasi ya uzamili mapema, na tasnifu yako uifanyie palepale ulipopachagua.

Uzamivu

Swali la nyumbani au nje huulizwa vibaya. Jiulize kwanza nani atakuwa msimamizi wako, amewahi kusimamia utafiti wa kazi au anaujua kwa kusikia, na wanafunzi wake waliotangulia walimaliza baada ya miaka mingapi. Wapigie simu wawili kati yao. Fedha zinapatikana kwa njia kadhaa: DAAD, shirika la Ujerumani la ufadhili wa masomo, ufadhili wa Jumuiya ya Madola, na mradi wa HEET wa Benki ya Dunia uliowasomesha watumishi wa vyuo vya umma. Mtumishi anayekwenda masomoni husaini mkataba wa kurudi kutumikia chuo kwa kipindi fulani. Usome wote, hasa kifungu cha fidia ukivunja, na nakala ubaki nayo mwenyewe.

Ukipewa chaguo la kuandika uzamivu kwa mfumo wa makala, lichukue. Kazi ya mfumo wa zamani, sura nane na kurasa mia tatu, huhitaji tena mwaka mzima kukatwakatwa iwe makala. Ni mwaka huohuo unaporudi na kukuta umewekewa kozi nne na darasa la mamia.

Kibali na lango

Hapa ndipo muda mwingi hupotea, kwa hiyo twende taratibu. Mtumishi au mwanafunzi wa chuo kikuu cha umma huanza na barua ya kibali inayotoka ofisi ya Makamu Mkuu wa Chuo, baada ya andiko kupita kwenye kamati ya maadili. Barua hiyo huenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, naye huandika kwa wilaya na kwa Mkurugenzi wa Jiji au Halmashauri. Mkurugenzi huandika kwa Mtendaji wa Kata, na kata inakukabidhi kwa Mtendaji wa Kijiji au Mwenyekiti wa Mtaa. Kila ofisi hugonga muhuri na kubaki na nakala. Toa nakala kumi za barua ya kwanza, na kila unapoiacha andika tarehe na jina la aliyeipokea masjala. Ukirudi baada ya wiki ukauliza tu "ile barua yangu", utaambiwa ulete nyingine. Mwenzako wa nje ya nchi akishiriki, yeye anahitaji kibali cha COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia, iliyoundwa kwa sheria ya 1986. Msimwache aingie site kabla hakijatoka.

Barua ya serikali haifungui geti la mkandarasi. Geti hilo lina meneja wa mradi na afisa usalama, na bila kofia ngumu, buti na kizibao cha kuakisi mwanga hutavuka hata ukiwa na mihuri saba. Tena ukiingia kwa kutanguliza barua ya mkoa, siku ya kwanza vibarua wasio na mikataba hawaonekani, kwa sababu umechukuliwa kuwa mtu wa kodi au wa OSHA, wakala wa usalama na afya mahali pa kazi. Tumia milango miwili. Ofisi ikuruhusu kuwepo, na chama cha wafanyakazi (TAMICO kwa ujenzi, TPAWU kwa mashamba) au mama lishe wa pale nje akutambulishe kwa watu. Mama lishe anajua nani amelipwa na nani bado, maana daftari la madeni analo yeye.

Mnyapara ndiye mtego mkubwa zaidi. Atakuletea wahojiwa kumi kwa dakika tano, wote ndugu zake au watu wa kijijini kwake, na wote wataridhika na mnyapara. Mpe heshima yake, mhoji yeye kwanza, kisha orodha ijenge mwenyewe. Simama getini saa kumi na mbili na nusu asubuhi, hesabu wanaoingia, umchukue kila wa tano. Wahesabu pia wanaorudishwa getini kwa kukosa kazi siku hiyo. Tafiti nyingi za vibarua hazina hawa hata mmoja, halafu mwandishi anashangaa kwa nini kila mtu kwenye data yake ana kazi.

Msimu

Kanda ya Kati ina masika moja, takriban Desemba hadi Aprili. Mvua zikianza, vibarua wengi wa mjini hurudi Bahi, Chamwino, Kondoa au Manyoni kulima mtama, uwele na alizeti. Anayehoji Januari anawakuta waliobaki, yaani wasio na shamba au wenye ujuzi wa fundi, na anayehoji Agosti anakutana na wote. Wakilinganishwa hawa wawili bila kutaja mwezi, tofauti ya msimu itaandikwa kuwa mabadiliko ya soko la ajira. Kwa bahati nzuri likizo ndefu ya chuo huangukia kiangazi, na mavuno ya pili ya zabibu huja Agosti na Septemba. Weka kazi kubwa ya uwandani hapo. Januari au Februari rudi kwa wiki moja tu, uwatafute walewale kwa simu na kuuliza wako wapi. Wiki hiyo peke yake inaweza kuzaa makala.

Kuuliza juu ya malipo na saa

Swali "Unalipwa shilingi ngapi kwa siku?" huleta jibu la bei, si la mapato. Kibarua atakutajia bei inayojulikana kijiweni. Uliza hivi badala yake: "Mara ya mwisho kupokea hela ilikuwa lini? Ulishika mkononi shilingi ngapi? Zilikuwa za siku ngapi? Nani alikukabidhi? Kuna kilichokatwa?" Swali la nne na la tano ndiyo yanayotoa sehemu ya mnyapara, chakula cha mkopo, na siku ambayo mvua ilinyesha saa sita mchana ikahesabiwa nusu.

Saa nazo zina mtego wake. Mhojiwa anasema aliingia saa moja na kutoka saa kumi na moja. Mdadisi mmoja anaandika 1 na 11, mwingine anaandika 07:00 na 17:00, na fomu ya KoboToolbox (programu ya kukusanyia data) inapokea zote bila kulalamika. Ukija kuchambua unakuta watu wanaingia kazini saa saba usiku. Amua mapema kwamba saa zitaandikwa kwa Kiswahili zikiwa na neno asubuhi, mchana, jioni au usiku, na ugeuzaji ufanywe na mtu mmoja baadaye.

Neno "kipande" linahitaji uangalifu wa pekee. Leo kijiweni ni kazi ya kupimiwa: mita za msingi wa kuchimba, tofali za kupanga, mistari ya mizabibu ya kupogoa. Wakati wa mkoloni kipande kilikuwa kadi ya siku thelathini za kazi, na isipojaa hukulipwa. Wazee wa Kongwa walioishi karibu na mradi wa karanga wa Waingereza, ulioanza 1947 na kufa 1951, wanaweza kulitumia kwa maana ya pili huku wewe unasikia ya kwanza. Uchambuzi ufanye kwa Kiswahili, na zile nukuu utakazozichapisha tu ndizo uzitafsiri. Anayetafsiri kila kitu kwa Kiingereza kwanza hupoteza wiki kadhaa na pia tofauti za namna hii.

Kuhusu kurekodi: saa moja ya sauti hula saa nne hadi sita za kunukuu, na upepo wa Dodoma ukichanganyika na mashine ya zege unaweza kufikia nane. Simu iweke mfuko wa shati wa mhojiwa, si mezani. Usimhoji mtu wakati wa chakula cha mchana. Ndiyo mapumziko yake pekee, na majibu yatakuwa ya kukufukuza. Panga Jumapili. Kama utatoa fidia ya muda, kiasi kiwe kimoja kwa wote na kiandikwe kwenye andiko lililopitishwa na kamati. Wengi huogopa kusaini fomu ya ridhaa wakidhani ni mkataba, hivyo omba kamati ikuruhusu ridhaa ya mdomo iliyorekodiwa. Majina na namba za simu viwe faili tofauti na mahojiano, lenye nywila. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inakuhusu hata kama wewe ni mtu mmoja na kompyuta mpakato.

Data ambayo tayari ipo

Kuna makala zisizohitaji hata shilingi ya uwandani. Utafiti wa Nguvukazi ulifanyika 1990/91, 2000/01, 2006, 2014 na 2020/21, na data zake huombwa Ofisi ya Taifa ya Takwimu. Kabla ya kulinganisha miaka, soma tafsiri ya "ajira" iliyotumika kila mara. Mwaka 2013 wataalamu wa takwimu za kazi waliokutana ILO (Shirika la Kazi Duniani) waliamua kwamba anayelima kwa ajili ya chakula cha nyumbani kwake ahesabiwe kuwa anafanya kazi, ila si ajira. Kwenye mkoa wa wakulima wa mtama na uwele kama huu, tafsiri hiyo peke yake inaweza kusogeza asilimia kuliko sera yoyote.

Chimbo la pili ni TanzLII, tovuti ya sheria na hukumu za Tanzania, ambako hukumu za Mahakama Kuu Divisheni ya Kazi husomwa bure. Ndani yake mna historia za mashauri yaliyotoka CMA (Tume ya Usuluhishi na Uamuzi) chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004: mtu aliajiriwa lini, aliachishwaje, nani alitoa ushahidi. Jihadhari na jambo moja. Shauri la kuachishwa kazi hutakiwa kufikishwa CMA ndani ya siku 30, na kibarua asiye na karatasi mara nyingi hafiki kabisa. Hukumu zinakuonyesha migogoro ya wenye mikataba. Ukiziandika kama sura ya soko lote la ajira, mhakiki mzuri atakurudisha. Taarifa Rasmi za Bunge nazo ni hazina, hasa mjadala wa bajeti ya wizara yenye dhamana ya kazi kati ya Aprili na Juni.

Kuchapisha ili upande

Muundo wa utumishi wa wanataaluma unahesabu machapisho kwa alama, na makala yenye waandishi wengi hugawanywa. Soma jedwali la chuo chako kabla ya kukubali kuwa jina la sita. Makala moja ya peke yako na nyingine mbili za watu wawili mara nyingi hukufikisha mbali kuliko makala saba za kundi. Kati ya cheo na cheo, kuanzia Mhadhiri, kwa kawaida hutakiwa miaka isiyopungua 3. Jarida likichukua miezi minane kutoa jibu la kwanza na mingine sita kwa marekebisho, makala inayokusudiwa kukupandisha mwaka wa tatu lazima iwe imetumwa mwaka wa kwanza. Wengi huituma mwaka wa tatu.

Kwa fani yetu, Global Labour Journal husomwa bure na haimtozi mwandishi, nayo inapenda kazi kutoka Kusini mwa dunia. Review of African Political Economy inafaa kama hoja yako ni ya uchumi wa kisiasa. Majarida ya ndani na ya Afrika yapo kwenye orodha ya AJOL, tovuti ya majarida ya Afrika. Jarida linalokuandikia barua pepe ya kukusifu, linaahidi kuchapisha ndani ya siku kumi na linataka dola mia mbili, liache. Kamati ya vyeo ikilikataa, hela imekwenda na makala nayo imekwenda, kwa sababu huwezi kuichapisha tena kwingine.

Majibu ya wahakiki yapangie jedwali la safu tatu: alichosema, ulichofanya, ukurasa. Usipokubaliana naye, andika sababu kwa sentensi mbili za adabu. Kosa linalorudisha makala nyingi za kwetu ni lilelile: kurasa kumi za nadharia, kisha vibarua wanatokea ukurasa wa kumi na moja. Mlete kibarua ukurasa wa pili.

Mzigo wa ndani

Usahihishaji wa mitihani utakula wiki tatu kila mhula, ukubali usikubali. Kinacholindwa ni asubuhi mbili kwa wiki zisizo na kikao wala mwanafunzi wa tasnifu. Ziweke kwenye malengo yako ya mwaka kwenye PEPMIS, mfumo wa kupima utendaji wa watumishi wa umma, kama kazi ya kuandika makala, zenye tarehe, ili mkuu wa idara akikupangia kikao uwe na cha kumwonyesha. Wanafunzi wa uzamili unaowasimamia wape kona za eneo lako: mmoja wachukuzi wa Kibaigwa, mwingine wapogoaji wa Hombolo. Watamaliza haraka kwa sababu njia na viongozi wa pale unawafahamu. Data zao zikitumika, majina yao yawemo kwenye makala.

Inachekesha kidogo kuona mtu anayeandika juu ya vyama vya wafanyakazi hajui hata makato yake ya THTU, chama cha wafanyakazi wa vyuo vya elimu ya juu, yanakwenda wapi. Hudhuria mikutano. Hapo ndipo utajua mapema muundo wa vyeo unapofanyiwa marekebisho, na mara nyingine tofauti ya miezi sita huamua unapimwa kwa masharti gani.

Faili la kupanda cheo lianze siku unayoripoti kazini. Weka humo barua ya kukubaliwa ya kila makala pamoja na nakala iliyochapishwa yenye jina la jarida, juzuu na kurasa. Barua ya kuteuliwa kwenye kila kamati. Orodha ya wanafunzi uliowasimamia na tarehe waliyohitimu. Matokeo ya tathmini ya ufundishaji ya kila mhula. Tathmini hizi ndizo hukosekana, kwa sababu hakuna anayezichapa mpaka zinapohitajika, na mfumo wa miaka minne iliyopita ukiwa umeshabadilishwa hakuna wa kukutolea. Kila mhula ukifungwa, chapa karatasi hiyo moja, mkuu wa idara aigonge muhuri, uitie kwenye faili.